Sahani za Kichina kwenye makaburi yetu: hivi Mchina alifika kweli au ni maneno?

Bint_Kisauni
Salaam aleikum wadau, habari za wikendi. Nina swali, na mwenye kunicheka acheke ila anijibu kwanza.

Jana nilimtoa mpwa wangu, yuko gredi ya sita, nikampeleka makumbusho moja huku huku pwani (jina naliweka kando). Kuna maonyesho ya uhusiano wa Kenya na China, chumba kizima. Nilidhani tutakaa dakika kumi tutoke tukale viazi karai, tukakaa karibu saa mbili. Kuna mabakuli ya kijani kama embe changa, sahani nyeupe za maua ya buluu, vigae vidogo vidogo vimepangwa ndani ya kabati la kioo, mfano wa merikebu ya yule nahodha mkuu wao Zheng He ina milingoti tisa nimeihesabu mwenyewe, na picha ya twiga kafungwa hatamu kashikwa na mtu. Kule mwisho kuna picha ya kaburi refu kama mnara limepachikwa mabakuli.

Basi mtoto akaanza. Anti, hizi sahani walizileta wenyewe? Nikasema ndio. Na sisi tukawapa nini? Nikageuka nikaangalia kabati zote, wallahi kila kitu cha Mchina, chetu ni huyo twiga tu na yeye mwenyewe ni picha. Nikamwambia tuliwapa twiga. Akaniangalia vile watoto wanavyokuangalia wakijua jibu umeokoteza. Afu akauliza mbona mtu aweke sahani ya kulia juu ya kaburi, hapo ndo nikamwambia twende tukale.

Maelezo yote yalikua Kiingereza na Kichina, Kiswahili hata mstari mmoja hakuna, na tuko pwani. Hilo naliacha.

Kingine, marehemu nyanya yangu alikua na sahani ya maua ya buluu juu ya kabati, iliwahi kupasuka katikati ikashonwa kwa vipande vya waya kama nguo. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa wala kuilia, Eid ikifika inapanguswa inarudishwa. Siku zote tumeambiwa ni ya Kichina ya kale. Iko kwa mamangu sasa. Je kuna njia ya kujua?

Kijana_Mambrui
Waaleikum salaam dada. Hilo kaburi la mnara kama ndilo ninalofikiria ni letu, liko Mambrui, kutoka Malindi mjini ni mwendo mfupi tu kaskazini. Mabakuli yamezamishwa kwenye chokaa ya mnara, kitako ndani, mdomo nje, kwahiyo unayaona kama macho. Tena mengine yalishang'olewa, limebaki tundu la duara na chokaa ina alama ya ule mzingo wa kitako, ukitia kidole unausikia. Sisi tulipokua wadogo tulikua tunaambiwa waliong'oa hawakufika mbali, walipata kichaa njiani. Sijui kama ni kweli lakini hakuna mtoto aliyejaribu.

Kufika walifika. 2010 walikuja wataalamu wa chuo kikuu cha Peking pamoja na wa Makumbusho ya Taifa wakachimba hapa kwetu, ikatoka sarafu moja ya shaba ina tundu la mraba katikati, imeandikwa Yongle Tongbao. Yongle ni yule mfalme aliyemtuma Zheng He. Kisha 2013 ikatoka nyingine kama hiyo kisiwani Manda, kule Lamu. Kijiji kizima kilikua kinaongea sarafu mwezi mzima.

MkopoWaReli
Mimi nitasema wanachoogopa wengine kusema. Haya maonyesho ni siasa. Mbona kabla ya reli na barabara hatukua tunasikia Zheng He? Ghafla tukaambiwa sisi ni marafiki wa miaka 600. Rafiki wa miaka 600 anakukopesha na riba??

Kijana_Mambrui
@MkopoWaReli kaka sarafu haikuchimbwa na reli 😂

FundiVigae
Nimeona uzi huu nikiwa kwenye matatu nimesubiri nifike nyumbani niandike vizuri. Mimi si daktari wa historia, ila nimefanya kazi za kuchimba na kuosha vigae misimu kadhaa, unakaa na beseni na mswaki wa meno kutwa unasugua, kwahiyo hivi vitu nimevishika maelfu. Bint_Kisauni huyo mpwa wako aendelee hivyo hivyo, maana maswali yake ndio yale yale.

Alipokosea aliyepanga hicho chumba si kwamba kadanganya, ni kwamba karuka katikati. Kaweka China huku na Kenya huku kisha kaweka merikebu moja kubwa kama daraja. Sasa sikiliza. Ukichimba Shanga, kisiwani Pate, au Manda, kwenye tabaka za chini kabisa unakuta vigae vya China vya karne ya 9, vile vya mji wa Changsha, rangi ya kahawia na kijani. Zheng He safari yake ya kwanza ni 1405. Yani sahani zilifika hapa miaka mia tano hivi kabla ya hiyo safari yake. Na Unguja, Kajengwa huko kusini, 1945 kuliokotwa lundo la sarafu za Kichina, nyingi ni za enzi ya wafalme wa Song, nazo zimemtangulia. Halafu safari zake zikakoma 1433, China ikafunga hizo safari, lakini sahani je? Zikaendelea kuja tu! Ile meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus 1697, Santo Antonio de Tanna, wapiga mbizi walipoichimba miaka ya 70 walitoa humo na vyombo vya Kichina pia. Kwahiyo kama mtu mmoja ndiye aliyeleta sahani, mbona zilikuja kabla yake na baada yake?

Zilikua zinapita kwa madalali. Sahani inaokwa Changsha au Longquan au Jingdezhen, inashuka mto mpaka bandarini, inabebwa mpaka huko Sumatra na Malaka, inabadilisha mikono, inafika Gujarati au Hormuz au Siraf kule Uajemi, inabadilisha mikono tena, ndio pepo za kaskazi zinaileta hapa kwenye jahazi la Mwarabu au Mhindi au Mswahili mwenyewe. Aliyeioka hakuwahi kusikia Pate na aliyeilia Pate hakujua imeokwa wapi, alijua imetoka kwa yule mfanyabiashara wa mwaka jana.

Kuna kitu kimoja napenda sana kukisimulia. 1998 huko Belitung, Indonesia, wavuvi walikuta meli imezama tangu karne ya 9, ndani vyombo vya Kichina karibu 60,000, vingi ni hivyo hivyo vya Changsha, bakuli moja lina tarehe ya mwaka 826. Sasa meli yenyewe haikua ya Kichina. Ilikua jahazi la magharibi huku, mbao zake zimeshonwa kwa kamba, hakuna msumari. Imeshonwa! Kama mtepe wa Lamu uliokua unashonwa kwa usumba. Mzigo wa China, chombo cha ushonaji wa huku kwetu baharini. Ningekua mimi ndio napanga chumba hicho ningeondoa ile merikebu ya milingoti tisa nikaweka hiyo.

MkopoWaReli
Sasa Fundi si ndo unaniunga mkono, kumbe ni siasa

FundiVigae
Sikuungi mkono wewe 😄. Wachina wa Yongle walifika, sarafu ni sarafu, na kwenye maandiko yao wameitaja Malindi kwa jina lake. Zheng He mwenyewe kwao ni Waislamu wa Yunnan, ukoo wa Ma. Ninachosema ni kwamba hii hadithi ilianza kupigiwa ngoma sana 2005, walipoadhimisha miaka 600 ya safari ya kwanza, na tangu hapo kila kiongozi akija anaitaja. Siasa imemchagua mgeni mmoja wa siku chache ikawasahau waliokuja kila msimu.

Na kabla hajaja mtu na ile ya Shanga kuitwa hivyo kwa sababu ya Shanghai, naomba tuiache. Shanga ilikua na watu tangu karne ya 8, Shanghai hata wilaya haijawa mpaka 1292. Na shanga si ni shanga tu jamani, za shingoni na kiunoni.

Faza_Original
@FundiVigae hapo naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Sisi wa Pate tumekua na hiyo habari ya mabaharia wa Kichina kuvunjikiwa na meli wakatoka pwani wakaoa Siyu, babu zetu walikua wakiisimulia kabla ya hizo 2005 zako. Kitu hakiwi uongo kwa sababu serikali imekipenda.

FundiVigae
Umesema haki, shekhe, na masimulizi siyadharau. Watu kuvunjikiwa na meli wakabaki ni jambo la kawaida baharini. Ila 2023 ulitoka utafiti mkubwa wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya kale ya Waswahili, Manda na Faza kwenu na Mtwapa mpaka Kilwa, wakakuta akina mama Waafrika, na upande wa baba kumechanganyika Waajemi tangu kama mwaka 1000 hivi, na Wahindi kidogo. Mchina hakujitokeza. Haimaanishi hakuna hata mmoja aliyeoa Siyu, inamaanisha tu hawakua wengi wa kuacha alama kwenye hiyo mifupa.

Faza_Original
Sawa. Mmoja anatosha kwa hadithi.

MzeeWaKunduchi
Hamjambo wanangu. Mimi niko upande wa pili wa mpaka, Dar. Naona mmejibizana habari za meli, ila swali la mtoto la kaburi hakuna aliyeligusa, nami ndilo lililonileta.

Hapa Kunduchi tuna makaburi hayo hayo ya minara, na kule Kaole, Bagamoyo, yapo. Mabakuli yalipachikwa hivyo hivyo. Sasa tuanze na nyumba kwanza ndio twende kaburini, maana kaburi la mtu mkubwa lilijengwa kwa heshima ile ile ya nyumba yake. Nyumba ya mawe ya wenyewe, ukiingia ndani kabisa, ukuta mzima una zidaka, matundu madogo ya chokaa yaliyochongwa safu kwa safu, na ndani ya kila kidaka chombo. Si chombo cha kulia. Ni cha kuonekana. Mgeni akikaa anaviona bila kuambiwa kitu, anajua huyu mwenye nyumba ana watu ng'ambo ya bahari, mkono wake unafika mbali, ukimkopesha hutapoteza. Waliamini vile vile kwamba bakuli la kijani likitiwa chakula chenye sumu linapasuka, na imani hiyo haikua ya kwetu tu, ilienea bandari nyingi za bahari hii. Kwahiyo ni pambo, ni cheo, na ni kinga. Mtu wa namna hiyo akifa ukamjengea mnara usimpe hata bakuli? Nao jua la alasiri likipiga, lile bakuli juu linang'aa, anayepita na ngalawa anaona hapa kalala mtu.

Mmesoma utenzi wa Al-Inkishafi shuleni? Siku hizi sijui. Yule mshairi wa Pate alipotaka kusema Pate imekwisha hakusema tu majumba yamebomoka. Alikwenda kwenye zile zidaka za sahani, akasema sasa wamelala makinda ya ndege. Mtu wa zamani akisikia hivyo analia, kwa sababu anajua kidaka kitupu maana yake nini.

Na hao waliong'oa mabakuli makaburini wengi wao si wenyeji. Wenyeji tulikua tunaogopa, kama alivyosema kijana wa Mambrui.

Bint_Kisauni
Mzee nakushukuru sana, shikamoo kwanza nimechelewa. Nimemsomea mpwa wangu hapa hapa, hiyo ya sumu ameipenda mpaka anataka tuijaribu.

Ila bado lile la sisi tuliwapa nini. Ni twiga tu kweli?

Baharia_Philly
Dada mimi niko Marekani, Philadelphia, na kuhusu twiga nina habari. Kwenye makumbusho ya sanaa ya huku kuna mchoro wa huyo twiga na mshika hatamu wake, wa enzi za Ming, juu umejaa maandishi ya Kichina ya mtu wa ikulu anaitwa Shen Du. Nilimwona nikasimama pale muda mrefu, nikiwa na koti la baridi hata sikulivua, twiga kachorwa madoa yamejipanga kama vigae vya sakafu. Wao walimwita qilin, ni mnyama wao wa ngano, akionekana maana yake mfalme ni mwadilifu. Mfalme gani hataki mnyama wa namna hiyo.

Sasa kituko. Mchoro ni wa 1414. Twiga wa 1414 hakutoka Malindi! Aliletwa na wajumbe wa sultani wa Bengali. Bengali nao walimpata wapi, twiga hazaliwi kule, lazima alivuka bahari kutoka Afrika kwanza. Ndio mwaka uliofuata, 1415, Malindi wakapeleka wa kwao wenyewe, na mfalme akatoka mpaka mlangoni kumpokea. Safari ya tano ya Zheng He, 1417, ndiyo iliyowarudisha wajumbe makwao. Kwahiyo kama mchoro mlioona ni huo (karibu yote ni nakala zake), mmeonyeshwa twiga wa Bengali mkaambiwa ndio wa Malindi.

FundiVigae
😂😂😂 kumbe hata twiga alipitia kwa dalali

MkopoWaReli
Dalali kachukua asilimia ngapi

FundiVigae
Shingo

Haya, Bint, tuliwapa nini. Pembe za ndovu kwanza kabisa, halafu pembe za faru, magamba ya kasa, ambari, ile inayookotwa ufukweni inatiwa kwenye manukato. Na watu pia, tusifiche, watumwa kutoka pwani hii waliuzwa mpaka mbali huko mashariki, na hilo kwenye hizo kabati za kioo hutalikuta. Kuna ofisa mmoja wa forodha wa Kichina, Zhao Rugua, aliandika kitabu 1225 cha nchi zinazoleta bidhaa, kataja mahali panaitwa Cengba ambapo wengi wanasema ni huku Zanzibar, na pembe za ndovu zimo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuja, aliwahoji mabaharia bandarini.

Sasa mbona hamkuviona? Pembe ya ndovu ikifika kule inachongwa, inakua bangili, inakua sanamu, inakua kitu cha Mchina, na ikiwekwa makumbusho lebo itasema ni sanaa ya China. Ambari imeishia hewani. Gamba la kasa limekua kitana kimevunjika kimetupwa. Lakini kigae, mama yangu, kigae hakiozi. Unakitupa jalalani mwaka 1300 nakuja kukisugua mimi kwa mswaki bado maua yanang'aa. Ndio maana chumba kizima kilionekana ni cha Mchina.

MzeeWaKunduchi
Hapo Fundi umenena. Nami niongeze moja tu kwa ajili ya mtoto. Kama anataka mtu mmoja aliyekanyaga Kilwa kwa miguu yake na China pia, miaka mingi kabla ya Zheng He, basi si Mchina wala Mswahili, ni Mmoroko, Ibn Battuta. 1331 alipita Mombasa akalala usiku mmoja, akafika Kilwa, na baadaye sana akaenda mpaka China. Kote huko alipanda vyombo vya watu wengine.

Kijana_Mambrui
Dada na ile sahani ya nyanya usiisahau. Na ukija Mambrui karibu, ila mwambie mtoto vigae vya ufukweni anaangalia tu haokoti, ni kosa kisheria, walinzi watamsumbua.

FundiVigae
Enhe sahani. Igeuze. Watu wote wanaangalia maua, wewe angalia kitako. Za kale za Kichina kile kizingo cha chini mara nyingi hakina rangi ya kung'aa, kinakwaruza kidole, pengine kina mchanga umeganda wakati wa kuokwa. Ukikuta herufi za Kizungu zimepigwa muhuri, basi ndugu yangu hiyo ni habari nyingine. Na hizo waya za kushonea usizitoe, hiyo ni kazi ya fundi alietoboa matundu kwa keekee bila kuivunja, siku hizi huwapati.

Bint_Kisauni
Nimetoka kwa mamangu sasa hivi. Nimepanda kiti nikaishusha, mama kanisimamia kichwani kama mahabusu. Nimeigeuza. Waya ni tatu, matundu yake hayatokezi upande wa pili kumbe, yameishia katikati, sijui alifanyaje. Kitako kimelainika kote. Na kuna muhuri umefifia, mnyama kalala, kiwiliwili cha simba uso wa mtu, na chini herufi nimezisoma kwa tochi ya simu, MAASTRICHT.

Fundi niambie tu.

FundiVigae
Pole na hongera kwa pamoja. Hiyo ni Uholanzi, kiwanda cha Petrus Regout, huyo mnyama ndio alama yao. Karne ya 19 kuelekea ya 20 sahani zao zilijaa pwani yote hii, Lamu mpaka Unguja, zikaingia kwenye nafasi ya zile za Kichina, ukutani pale pale. Nimeshaosha vigae vyake debe zima. Nyanya yako hakukosea kuiweka juu, aliiweka panapowekwa.

Bint_Kisauni
Mama kakataa. Anasema ni ya Kichina na imerudi juu ya kabati. Na huyu mwengine kashaniuliza Uholanzi tuliwapelekea mnyama gani.